Je, Wajua? Kwa nini wavuni hakuna watu

Tazama uwanja mkuu wa Wimbledon wiki ya pili ya mashindano ya tenisi. Zamani nyasi zilichakaa kwa njia ndefu kuelekea wavuni. Siku hizi kipara kiko nyuma tu, kwenye mstari wa mwisho.

Fainali ya wanaume ya 2001 iliwakutanisha Goran Ivanišević na Patrick Rafter, wote watu wa kuanzisha mpira kisha kutimua mbio mbele waupige kabla haujadunda. Mwaka uliofuata wakaingia Lleyton Hewitt na David Nalbandian, nao wakabanana hukohuko nyuma.

Wengi huzilaumu nyasi: mwaka 2001 Wimbledon ilianza kutumia nyasi aina ya rai tupu, badala ya mchanganyiko wa asilimia 70 ya rai na 30 ya nyasi aina ya feskyu. Ni kweli, mpira sasa hudunda juu zaidi. Lakini mchawi hasa, kwa maoni yetu, ni nyuzi za raketi za poliesta, zilizovuma Gustavo Kuerten alipotwaa ubingwa wa Mashindano ya Wazi ya Ufaransa mwaka 1997. Zinauzungusha mpira kwa nguvu, ukavuka wavu na kuzama ghafla miguuni pa aliyethubutu kusogea.