Mlinzi mmoja avunjikapo shingo, timu nzima huugua

ILIKUWA Jumamosi, Oktoba 16, 2010, katika uwanja wa New Meadowlands, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Timu ya Chuo Kikuu cha Rutgers ilikuwa imejikakamua kutoka nyuma na kusawazisha 17-17 dhidi ya Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point. Zilikuwa zimesalia dakika tano hivi mchezo umalizike.

Rutgers wakapiga mkwaju wa kuanzisha upya mchezo. Mchezaji wa Army akaudaka mpira na kuanza kuchanja mbuga. Kijana wa miaka 20 aliyevaa jezi nambari 52, Eric LeGrand, akamkimbilia kwa kasi na kumkumba, kichwa kikitangulia.

LeGrand alianguka chali na hakuinuka. Pingili mbili za shingo yake, ya tatu na ya nne kutoka juu, zilikuwa zimevunjika. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini.

Msomaji ambaye hajawahi kutazama kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, huenda akauliza inatuhusu nini sisi. Wakenya wengi walianza kuufuatilia mchezo huo mnamo 2013, wakati Daniel Adongo, mwanaraga wetu, aliposajiliwa na klabu ya kulipwa ya Indianapolis Colts bila kuwahi kuucheza maishani mwake. Adongo naye alitumiwa katika mikwaju hiyo hiyo ya kuanzisha mchezo. Hapo ndipo wanaume wenye uzani wa kilo 100 na zaidi hutimua mbio kutoka mbali na kukutana ana kwa ana. LeGrand mwenyewe alikuwa na zaidi ya kilo 120.

Shingo ya binadamu haijanyooka kama mlingoti. Imepinda kidogo, na mpindo huo ndio unaoiwezesha kuhimili mishtuko kama springi ya gari. Lakini mtu akiinamisha kichwa, pingili zake hujipanga wima. Akigonga kitu kwa utosi wakati huo, kiwiliwili kinaendelea kusukuma kutoka nyuma ilhali kichwa kimesimama, na shingo iliyo katikati hukosa pa kwenda. Misuli haina la kufanya. Kofia ngumu nayo hukinga fuvu, haikingi shingo.

Ndani ya pingili hizo mna ugwemgongo, kamba ya neva inayopeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia. Jeraha likiwa chini, kiunoni, mtu hupoteza miguu lakini mikono hubaki. Likipanda shingoni, mikono nayo huenda. Kwenye pingili ya tatu, ya nne na ya tano kuna hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo hutokea neva zinazoendesha kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaotuwezesha kuvuta pumzi. Ndiyo maana LeGrand, akiwa amelala pale nyasini huku akili zake zikiwa timamu, alishindwa kupumua.

Alifanyiwa upasuaji wa dharura katika hospitali ya Hackensack, na kwa wiki kadhaa mashine ikawa inampumulia. Madaktari walikuwa na matumaini haba. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha alikuwa akipumua mwenyewe, jambo lililowashangaza wengi.

Turudi kwa timu aliyoiacha.

Siku ile Rutgers walishinda 23-20 katika muda wa ziada. Walikuwa sasa wameshinda mechi nne na kupoteza mbili, mwanzo ambao timu nyingi zingeutamani. Kisha wakapoteza mechi zote sita zilizobaki. Cincinnati waliwachapa 69-38. Walimaliza msimu wa 2010 wakiwa na ushindi mara nne na vichapo vinane.

Itakuwa uongo kusema kuwa yote hayo yalisababishwa na kukosekana kwa mtu mmoja. Rutgers walikuwa na udhaifu mwingine, hasa katika safu ya mbele ya ushambuliaji, ambapo mrushaji wao wa mpira alikuwa akiangushwa ovyo wiki baada ya wiki. Isitoshe, LeGrand hakuwa nyota wa kwanza wa kikosi kile. Alikuwa mlinzi wa katikati aliyeingia kwa zamu, mchangamfu, mtu wa kupendwa na kila mmoja. Lakini mlinzi wa aina hiyo ni kama figo: hakuna amkumbukaye hadi akosekane.

Kwanza, wale mapande ya watu wanaosukumana katikati ya safu ya ulinzi hawawezi kucheza dakika zote. Hupokezana ili wapumzike. Akiondoka mmoja, waliobaki hukaa uwanjani muda mrefu zaidi, na mtu aliyechoka huinua kiwiliwili na kuchelewa kufika, hivyo husukumwa kwa urahisi. Mara nyingi uchovu huo huzaa jeruhi wa pili.

Halafu kuna jambo lisiloonekana kwenye orodha ya matokeo. Vijana wale walikuwa wamemwona mwenzao akilala kimya uwanjani. Walitakiwa kurudi mazoezini na kukumbana vivyo hivyo, huku kocha wao Greg Schiano akienda na kurudi hospitalini kumjulia hali mgonjwa. Kocha yeyote wa raga atakwambia kwamba anayesitasita ndiye anayeumia, kwa sababu dakika ya mwisho hufumba macho na kuinamisha kichwa, kosa lile lile linalovunja shingo. Hofu ya namna hiyo haipimwi kwa eksirei. Huwezi kumwambia kijana wa miaka 19 aisahau kwa kuwa Jumamosi kuna mechi.

Timu tajiri yenye akiba ya wachezaji huhimili pigo vizuri zaidi, hasa jeraha likiwa la kupona. Mnamo Septemba 2018, Chuo Kikuu cha Ohio State kilimpoteza Nick Bosa, mlinzi wa pembeni aliyehesabiwa miongoni mwa bora nchini humo, alipoumia misuli ya sehemu ya chini ya tumbo na kufanyiwa upasuaji. Oktoba mwaka huo aliamua kutorudi chuoni ili ajiandae kucheza soka ya kulipwa. Ulinzi wa Ohio State uliyumba, Purdue wakawacharaza 49-20, na Maryland wakawafunga pointi 51 katika mechi ambayo Ohio State waliponea chupuchupu kwa pointi moja. Hata hivyo hawakupoteza mechi nyingine msimu huo. Bosa alipona, na mnamo 2019 akachaguliwa wa pili nchini kote, na San Francisco 49ers. Wenzake wa chuoni walimkosa, hawakumlilia.

Marekani imejifunza baadhi ya mambo kwa gharama kubwa. Mnamo 1976 sheria za mchezo zilipiga marufuku kumkumba mpinzani kwa utosi, na utafiti wa Dkt Joseph Torg wa Philadelphia ulionyesha kuwa visa vya kupooza viungo vyote katika shule na vyuo vilishuka kutoka 34 mwaka huo hadi vitano mnamo 1984. Miaka miwili baada ya ajali ya LeGrand, mnamo 2012, vyuo vilisogeza mbele kwa yadi tano mahali pa kupigia mkwaju wa kuanzisha, ili mipira mingi ivuke mstari wa mwisho na mbio zile zipungue.

Katika viwanja vyetu vya raga za shule, shida huwa baada ya kuanguka. Mchezaji akilala bila kusogea, wenzake humvamia, mmoja akamshika makwapa, mwingine miguu, wakambeba mbio hadi kwenye pikapu. Pingili iliyovunjika bila kuukata ugwemgongo inaweza kuukata wakati huo. Mwache alivyo. Mtu mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili, kikae katika mstari na mwili, wala asikiachie hadi mgonjwa afungwe kwenye ubao. Mwulize kama anahisi vidole. Kama amevaa kofia ngumu, usiivue, labda iwe inamzuia kupumua. Nairobi ina Hospitali ya Taifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, lakini mgonjwa anayefika huko akiwa amekunjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari amekwisha kucheleweshwa.

Rutgers waliinuka mnamo 2011, wakashinda mechi tisa na kupoteza nne. Oktoba 29 mwaka huo theluji ilikuwa ikianguka, nao wakiwa nyumbani dhidi ya West Virginia, wakati LeGrand alipotangulia mbele ya kikosi kizima kuingia uwanjani, akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu. Walipoteza mechi hiyo, 41-31.

Alirudi masomoni, na mnamo 2014 akahitimu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 14, 2013, chuo kilistaafisha jezi nambari 52. Rutgers ndicho kilichocheza mechi ya kwanza ya vyuo ya mchezo huo, dhidi ya Princeton mnamo 1869. Katika miaka 144 kilikuwa hakijawahi kumfanyia mchezaji mwingine yeyote hivyo.