Kila Skrubu na Bisibisi Yake

Katika mji mmoja wa Kivu, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi alitumwa na fundi wake kwenda shuleni kutengeneza mashine ya kunakili karatasi. Lilikuwa juma la mwisho kabla ya mitihani, na karatasi za maswali zilikuwa bado hazijatolewa. Kijana alipaswa kufungua kifuniko cha nyuma tu na kuondoa karatasi iliyokwama ndani. Kifuniko kile kilishikwa na skrubu tano. Nne zilitoka bila shida. Ya tano ilikataa.

Akaikaza mkono. Bisibisi ikaruka nje ya kichwa cha skrubu. Akaikaza tena kwa nguvu zaidi, ikaruka tena. Alipoinama kutazama, pale palipokuwa na alama ya msalaba palikuwa pamebaki shimo la mviringo, laini kama tundu la ushanga. Hapo moyo wake ukafanya kazi mbili: huku ukiogopa, huku ukitafuta uongo. Akawaza, «Nitarudisha zile nne, nitasema kwamba mashine inahitaji chombo kutoka Ulaya.»

Tutarudi kwa kijana huyo. Kwanza tutazame, ndugu msomaji, jinsi kosa lake lilivyoanza. Kwa maana halikuanza katika mkono, lilianza katika macho. Hakutazama kabla ya kuzungusha.

Skrubu za mfereji mmoja

Bisibisi, ambayo mafundi wengi wa Kongo huiita turnevisi, ni chombo ambacho kila nyumba hudhani inakijua. Kwa sababu hiyo watu huchukua yoyote iliyo karibu. Lakini bisibisi imefanywa ijaze nafasi iliyo katika kichwa cha skrubu, wala si kuingia humo tu. Isipoijaza, nguvu zote za mkono huangukia kingo mbili au tatu nyembamba, nazo huvunjika.

Chukua mashine ya kuandikia ya zamani, zile za chuma ambazo kampuni ya Remington ilianza kuziuza huko Marekani mwaka 1874, na ambazo ofisi nyingi za misheni zilizitunza kwa miaka mingi. Ndani yake zimejaa skrubu ndogo zenye mfereji mmoja ulionyooka. Kwa skrubu hizo pima mambo mawili. La kwanza ni upana: ncha ya bisibisi iwe karibu sawa na urefu wa mfereji, isitokeze nje ya kichwa, isije ikakwaruza chuma kilicho kando. La pili ni unene: ncha ikae katika mfereji bila kucheza. Skrubu ya milimita 3 kwa kawaida ina mfereji wenye upana wa milimita 0.8, ile ya milimita 2 ina mfereji wa milimita 0.5. Utaona kwamba bisibisi moja haiwezi kuzitumikia zote mbili.

Tena itazame ncha yenyewe kwa upande. Bisibisi nyingi za sokoni ni kama kabari: nyembamba mwishoni, nene juu yake. Ukiizungusha, kabari hiyo hujisukuma yenyewe kupanda nje ya mfereji. Mafundi wa mashine za kuandikia, wa saa na wa bunduki hupendelea ncha ambayo pande zake mbili zimenolewa ziwe sambamba, ili ikae imara hata chini kabisa ya mfereji.

Skrubu za msalaba, ambazo si za namna moja

Mashine za ofisi za siku hizi, yaani za kuchapa na za kunakili, karibu zote hushikwa kwa skrubu zenye alama ya msalaba, ambazo wengine huziita za nyota. Mwamerika Henry Phillips, wa mji wa Portland katika jimbo la Oregon, alipewa hati za uvumbuzi wake mwaka 1936. Viwanda vya magari vilizipokea upesi, kwa kuwa bisibisi yake hujiweka yenyewe katikati ya kichwa. Bisibisi za Phillips huhesabiwa kwa namba: 0, 1, 2 na 3. Namba ikizidi, ncha huwa kubwa zaidi.

Lakini hapa ndipo wengi hujikwaa. Si kila msalaba ni Phillips. Katika miaka ya 1960 ilitokea namna nyingine iitwayo Pozidriv. Utaitambua kwa mistari midogo minne iliyochorwa kati ya mikono ya msalaba. Wajapani nao wana kipimo chao, kiitwacho JIS. Skrubu zake mara nyingi huwa na nukta moja ndogo kando ya msalaba. Kwa jicho lisilozoea, zote tatu ni ndugu. Kwa mkono unaozungusha, ni wageni. Ncha ya Phillips katika skrubu ya Kijapani haifiki chini vizuri, nayo huruka nje mapema.

Sasa fikiri: Canon, Ricoh, Kyocera na Brother zote ni kampuni za Japani. Kwa hiyo fundi wa mashine za ofisi mwenye fedha za kununua bisibisi moja tu ya msalaba afanye vema kununua ya kipimo cha Kijapani, namba 2, yenye shina refu la kufikia ndani. Ile hufaa pia skrubu nyingi za Phillips. Akipata fedha tena, aongeze namba 1. Ncha yenye sumaku ni msaada mkubwa, kwa sababu skrubu ikiangukia kati ya magurudumu ya mashine huweza kuleta hasara kubwa kuliko ile iliyokuja kutengenezwa.

Namna ya kutumia

Kabla ya yote, zima mashine na uchomoe waya wake wa umeme. Usidhani kwamba mpini wa plastiki unakulinda: bisibisi iliyofanywa kwa kazi ya umeme huandikwa volti 1000, na hata hiyo si ruhusa ya kufanya uzembe. Katika mashine zinazogandisha wino kwa joto, ngoja sehemu ile ipoe. Wala usifungue sanduku la umeme lililo ndani ikiwa hukufundishwa, kwa kuwa huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Kisha safisha kichwa cha skrubu; vumbi na wino mkavu huizuia ncha isishuke. Weka ncha ndani na uijaribu kwa vidole, bila kuzungusha. Ikicheza, itoe ujaribu nyingine. Shina lisimame wima juu ya skrubu. Kwa skrubu ya msalaba, nguvu kubwa iwe ya kusukuma mbele, na ndogo iwe ya kuzungusha.

Wakati wa kurudisha skrubu katika plastiki, kuna siri ambayo mafundi wazuri huwafundisha wanafunzi wao siku ya kwanza. Zungusha kwanza kinyume, kana kwamba unafungua, polepole, mpaka uisikie skrubu ikishuka kidogo kwa mlio mdogo. Hapo meno yake yameingia katika njia yao ya zamani. Ndipo uanze kufunga. Anayefunga bila kufanya hivyo huchimba njia mpya kila mara, na mwishowe plastiki haishiki tena kitu.

Yule kijana

Kijana wetu alirudi jioni kwa fundi wake, mzee aliyezeeka katika kazi hiyo. Uongo alikuwa ameutengeneza njiani, maneno yote yamepangwa. Lakini alipomkuta mzee akipangusa vyombo vyake kimoja kimoja kwa kitambaa, maneno yale yalimkauka mdomoni.

«Baba,» alisema, «nimeharibu skrubu ya shule. Ni mimi mwenyewe.»

Mzee hakupaza sauti. Aliuliza, «Ulitumia bisibisi gani?»

«Ile iliyokuwa mkononi, Baba.»

«Ndipo kosa lilipo, mwanangu. Bisibisi haichaguliwi na mkono. Huchaguliwa na skrubu.»

Asubuhi yake walikwenda pamoja. Mbele ya mkuu wa shule kijana alirudia maneno yale yale, ingawa aliona haya. Mzee akaweka juu ya skrubu kipande chembamba cha mpira, akachukua bisibisi ya kipimo chake, akasukuma kwa uzito wa bega lake na kuzungusha polepole sana. Mara ya kwanza haikwenda. Mara ya pili haikwenda. Mara ya tatu ikageuka. Kabla ya saa sita mchana karatasi za mitihani zilikuwa zikitoka.

Kama kijana angalisema uongo, shule ingalitafuta fedha kwa chombo kisichohitajika, na watoto wangalingoja mtihani wao kwa sababu ya skrubu moja. Wazee wetu walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wasomaji wapendwa, mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Seremala yule wa Nazareti hakuandikiwa katika Injili hata neno moja alilosema. Tunamjua kwa uaminifu wake. Ninyi wazazi mnaomtuma mtoto kujifunza ufundi, msimpe hamu ya kumaliza upesi tu. Mfundisheni kutazama kabla ya kugusa, kuchagua chombo kinachofaa, na akikosa, kusema «ni mimi». Fundi wa namna hiyo ataitwa tena, na nyumba itakayomwita haitafunga makabati inapomwacha peke yake.