Kaa Asiyeifuata Bahari

Mvua inayonyesha Nunguni haikai. Inateremka milima ya Kilungu, inaingia mto Kaiti, kisha Thwake, kisha Athi, na baada ya kubadili jina mara mbili, Galana halafu Sabaki, inamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njia ya pwani iko wazi. Kaa wa vijito vya milima ya Kenya, wa jenasi ya Potamonautes, hana haja nayo.

Kaa wa baharini hutaga mayai kwa maelfu, yakaanguliwa viluwiluwi vinavyochukuliwa na mikondo. Wa mtoni hutaga machache, makubwa, yenye kiini kingi. Mama huyafumbata chini ya mkia wake uliokunjwa tumboni, na kinachotoka ndani ya yai ni kaa kamili, mwenye miguu na magando. Vitoto humng'ang'ania mama kwa muda, ndipo viachie na kujitafutia jiwe. Hakuna umri wa kuelea. Ndiyo maana mlima mmoja waweza kuwa na spishi yake peke yake.

Ajabu ni kwamba kaa wa namna hii wako visiwani Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani yetu. Spishi ya kwanza ilielezwa mwaka 1893. Leo jenasi yao inaitwa Seychellum. Jamaa yao wa karibu ni Deckenia, kaa wa madimbwi na vinamasi vya pwani ya Afrika Mashariki. Savel Daniels wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alipolinganisha chembe zao za urithi, alikuta koo hizo mbili zilitengana baada ya visiwa kuachana na Afrika. Basi kuna mhenga aliyevuka bahari, pengine juu ya gogo au tita la majani lililosombwa na mafuriko. Nami namwona jike, vitoto tumboni: mmoja kama huyo angetosha kuanzisha ukoo. Huko nako visiwa viliwatenga tena, na mwaka 2014 Daniels na mwenzake Neil Cumberlidge wakatambua spishi mbili mpya, moja ya kisiwa cha Silhouette, nyingine ya visiwa vya Mahé na Frégate.

Safari kama ile hutokea mara moja katika mamilioni ya miaka. Lakini chemchemi ya mlimani inaweza kunyonywa na mikaratusi ikakauka katika umri wa mtu mmoja, na hakuna mkondo wa bahari unaopanda Kilungu kuleta kaa wengine.