Kusomea makabila si ukabila

Hebu jiweke katika hali hii. Umeuza kipande cha shamba, jamaa na marafiki wamefanya harambee, na hatimaye bintiyo ameabiri ndege kwenda California, Marekani, kujiunga na chuo cha jamii. Miezi miwili baadaye anapiga simu. Unamuuliza anasoma nini. Anajibu: "Hesabu, Kiingereza na somo la makabila, mama."

Bila shaka utashtuka. Makabila? Si ndiyo balaa tunayoomba kila uchao ituondokee hapa nyumbani? Je, hiyo ndiyo kazi ya karo yote ile?

Tulia, usikate simu. Mtoto hajapotea njia. Somo hilo ni la lazima. Mnamo 2021 vyuo vya jamii vya California viliamua kwamba kila atakaye shahada yao ya miaka miwili sharti alipite. Mwaka mmoja kabla ya hapo, sheria iliwalazimu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Cal State wafanye vivyo hivyo.

Na si somo la kuwachochea watu wachukiane. Linahusu makundi manne ambayo vitabu vya historia vya huko viliyaruka kwa muda mrefu: wenyeji asilia, Wamarekani weusi, wenye asili ya Asia, na wale wa asili ya Mexico na nchi jirani zake. Humo bintiyo atasoma jinsi sheria ya 1882 ilivyowafungia mlango vibarua wa Kichina. Atasoma pia jinsi watu 120,000 hivi wa asili ya Kijapani walivyofungiwa kambini kuanzia 1942, ilhali wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani.

Somo hili halikuletwa kwa hisani ya wakubwa. Mnamo Novemba 1968, wanafunzi weusi wa chuo cha San Francisco State waligoma, wakaungwa mkono na wenzao wa asili nyingine. Walitiwa mbaroni kwa mamia. Mgomo uliendelea hadi Machi 1969, na walipouacha walikuwa wamepata kitivo chao cha kufundishia masomo hayo. Kitivo hicho kingalipo.

Labda utauliza, kwa nini lifundishwe katika chuo cha jamii? California ina vyuo 116 vya aina hiyo, na milango yao i wazi kwa karibu kila mtu. Mwanafunzi husoma miaka miwili, kisha akahamia chuo kikuu kumalizia. Mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa kila yuniti, na somo moja huwa na yuniti tatu hivi. (Mgeni kama bintiyo hulipa zaidi kwa mbali, kwa hivyo ulizia mapema!) Ndiyo maana utamkuta humo mtoto wa kibarua wa mashambani, mhamiaji aliyewasili juzi na mama aliyerudia masomo uzeeni. Historia inayofundishwa ni yao wenyewe.

Tena usistaajabu bintiyo akikuambia kwamba amekikuta Kiswahili huko. Maulana Karenga, aliyewahi kusoma katika chuo cha jamii cha Los Angeles, alianzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka wa 1966 na nguzo zake saba akazipa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Watu walionyang'anywa lugha za mababu zao waliichagua yetu, ilhali baadhi ya wanetu hapa mjini huona haya kuisema!

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo penye tofauti. Mkabila husema kabila langu ndilo bora, mengine yakae kando. Anayesomea makabila huuliza: ni nani aliyeachwa nje ya hadithi yetu, na kwa nini?

Basi jitayarishe. Siku moja simu italia na bintiyo akuulize: babu alitoka wapi? Kwa nini alihama? Aliishi vipi na majirani waliosema lugha nyingine? Iwapo hujui, nenda ukamwulize mzee angali hai. Mwacha asili ni mtumwa, na swali hilo halifai kungoja hadi mtoto avuke bahari.