Somo la Mwanga Darasani na Macho ya Mwanafunzi

Tarehe 16 Mei ya kila mwaka huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Mwanga, iliyowekwa chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) kukumbuka siku ya mwaka 1960 ambapo mwanafizikia wa Marekani, Theodore Maiman, alifanikiwa kuwasha leza ya kwanza. Hata hivyo, shule haihitaji leza ili ifundishe mwanga. Mada hii huanza katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi, huendelea katika Fizikia ya sekondari, na sehemu kubwa ya vifaa vyake hupatikana jikoni na dukani.

Ugumu wa kwanza wa mada hii hauko kwenye vifaa bali kwenye fikra. Mwanafunzi akiambiwa achore jinsi anavyouona mti, si ajabu akachora mshale unaotoka jichoni kwenda mtini. Lugha yenyewe inamshawishi: Kiswahili husema mtu ametupa jicho, au amemkodolea mwenzake macho, kana kwamba kuna kitu kinachotoka. Baadhi ya wanazuoni wa Uyunani ya kale nao waliamini hivyo. Aliyelipinga wazo hilo kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo na kuandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Alieleza kuwa mwanga hutoka kwenye kitu, ama kwa kuwa kitu hicho kinang'aa chenyewe, ama kwa kuwa kinaakisi mwanga wa jua au taa, ndipo huingia jichoni. Hoja yake mojawapo ilikuwa nyepesi: jicho linalotazama mwanga mkali husumbuka, kwa hiyo kuna kinachoingia.

Jambo hilo huthibitishwa darasani kwa boksi la viatu. Upande mmoja hutobolewa tundu dogo kwa sindano. Upande wa pili hukatwa na kuzibwa kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo ya kula ili ipitishe mwanga. Tundu likielekezwa kwenye mshumaa unaowaka ndani ya chumba chenye giza, taswira ya mwali hutokea kwenye karatasi, nayo huwa imepinduliwa, juu chini. Hapa mwalimu hapaswi kuharakisha. Mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Miale ya ncha ya mwali hushuka kupitia tunduni na kutua chini ya karatasi, na ile ya sehemu ya chini hupanda na kutua juu. Tundu likipanuliwa kwa penseli, taswira hung'aa zaidi lakini huwa na ukungu, kwa sababu kila nukta ya mwali sasa inatua mahali pengi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyeliona hilo mwenyewe hatashangaa akielezwa kwamba taswira inayotua nyuma ya jicho lake nayo imepinduliwa, jambo ambalo Johannes Kepler alilieleza mwaka 1604. Kuigeuza ni kazi ya ubongo.

Vidoa vya mviringo vinavyoonekana chini ya mwembe wakati wa mchana ni somo hilo hilo. Nafasi kati ya majani hazina umbo la duara, ila vidoa ni duara kwa kuwa kila kimoja ni taswira ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wengi kukusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kulitazama, hiyo ilikuwa njia mojawapo ya kulifuatilia tukio bila kulielekea jua lenyewe: wakati wa kupatwa, vidoa vya chini ya miti hugeuka kuwa hilali. Retina haina neva za maumivu. Mtu anayelikodolea jua anaweza kuiunguza bila kuhisi chochote na kugundua baadaye kuwa katikati ya uoni wake pana kivuli. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi kumkinga.

Kupinda kwa mwanga huonyeshwa kwa sarafu iliyowekwa ndani ya bakuli. Mwanafunzi hurudi nyuma mpaka ukingo uifiche, kisha mwenzake humimina maji polepole, na sarafu huibuka. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hubadili mwelekeo, na jicho, ambalo hudhani mwanga daima umekuja kwa njia iliyonyooka, huiona sarafu juu ya mahali ilipo. Wavuvi wanaotumia mkuki wanalijua hilo, ndiyo maana hulenga chini ya samaki. Kwa mtoto asiyejua kuogelea jambo hili ni la hatari: dimbwi la maji maangavu lenye kina cha mita 2, likitazamwa kutoka juu, huonekana kana kwamba lina mita 1.5.

Jicho hutumia kanuni hiyo hiyo. Mwanga hupindwa kwanza na konea, ngozi angavu iliyo mbele, ambayo hufanya takriban theluthi mbili za kazi yote. Hupita katika mboni, ambayo ni tundu tu ingawa huonekana kama kitu cheusi. Kisha lenzi humalizia kwa kunenepa au kujinyoosha kulingana na umbali wa kitu. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka kwa milimita moja tu, taswira ya kitu cha mbali hutua kabla ya kuifikia retina, na maandishi ya ubaoni huwa ukungu.

Miwani ya kusomea ya bibi au babu hulieleza hilo vizuri. Ile yenye namba +2.00, ikisogezwa mbele ya ukuta ulio mkabala na dirisha, huchora ukutani taswira ya mti wa nje, ikiwa imepinduliwa, kwenye umbali wa takriban nusu mita. Miwani ya mtu asiyeona mbali haifanyi hivyo kwa umbali wowote, kwa kuwa lenzi yake ni mbonyeo: hutawanya miale badala ya kuikusanya. Hiyo ndiyo kazi inayohitajika kwa jicho refu, yaani kuisogeza taswira nyuma hadi ikae penye retina.

Mtoto asiyeona mbali tangu utotoni hana cha kulinganisha, hivyo halalamiki. Hudhani wenzake wote wanauona ubao kama yeye. Dalili zake huonekana kwa wengine: hukunja macho, husogelea ubao, hunakili kutoka daftari la jirani, na wakati mwingine huitwa mvivu. Mwalimu anaweza kumfanyia uchunguzi wa awali kwa chati ya herufi E iliyowekwa umbali wa mita 6, jicho moja baada ya jingine. Kutoa namba ya miwani si kazi yake. Anayeshindwa hupelekwa kituo cha afya chenye mtaalamu wa macho. Dhana kwamba miwani huyazoesha macho uvivu haina msingi.

Wanafunzi wenye ualbino wanastahili kuzingatiwa kipekee. Upungufu wa melanini huruhusu mwanga mwingi kupenya irisi, na sehemu ya katikati ya retina, inayohusika na kuona vitu vidogo, haikui kikamilifu. Macho ya wengi wao hucheza bila hiari. Miwani huwasaidia lakini haiwapi uoni kamili, kwa hiyo hata mwenye miwani anahitaji dawati la mbele lisiloelekea dirisha, maandishi makubwa, ruhusa ya kuusogelea ubao na kofia yenye ukingo mpana awapo nje. Kati ya hayo, kubadilishiwa dawati hakugharimu chochote, na kunaweza kufanyika siku hiyo hiyo mzazi anapomweleza mwalimu.