Mashine Inayokunywa: Gharama za Fundi Chuma wa Bafwasende

Siku niliponunua posti ya kuchomelea hapa Ubelgiji niliona nimemlipia mdogo wangu deni la miaka. Ilikuwa nzito na imara, imetoka katika karakana iliyofungwa. Ilisafiri kwa miezi mpaka Kisangani, huko Kongo, ikapandishwa lori la barabara ya taifa namba 4, ikashushwa Bafwasende. Jioni akanipigia: "Yaya, imefika salama. Lakini hii ni ya fazi tatu." Grupu yake, yaani jenereta, ni ya fazi moja. Posti ile ingali imefunikwa turubai, na pesa ya mafuta ya miezi mingi imelala ndani yake.

Ndugu zangu mnaotuma vyombo nyumbani, tuzungumze kidogo juu ya hesabu ya ateliye ndogo.

Fundi chuma wa zamani hakuwa na shida hii. Mvukuto aliuchonga mwenyewe na kuuvika ngozi, makaa aliyachoma msituni, na jiwe gumu lilitosha kuwa fuawe. Kilichokuwa ghali ni chuma. Ukishuka mto kutoka Kisangani, kwa Walokele, Watopoke na Waturumbu, chuma kilifuliwa kuwa liganda, bapa refu lenye umbo la mkuki, na likatumika kama fedha, hasa katika mahari. Utajiri wa mhunzi ulikuwa katika kile anachokitengeneza, si katika vyombo vyake.

Umeme umeligeuza jambo hilo. Leo chuma chakavu kinapatikana: resori ya lori lililokufa njiani inatoa panga na majembe. Ghali sasa ni mashine, na zaidi ya mashine, ni chakula chake. Bwawa la Tshopo, lililojengwa wakati wa Wabelgiji, linahudumia Kisangani, na huko kwenyewe umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika mara kwa mara. Bafwasende iko zaidi ya kilomita 250 mashariki, ndani ya msitu, na kila fundi hujizalishia umeme wake kwa esansi, yaani petroli.

Hapo ndipo aina ya posti inapoamua kila kitu. Bageti (elektrodi) ya milimita 2.5 huhitaji takriban ampea 80, na kwa mkondo huo moto wenyewe hula karibu kilowati 1.9. Posti ya inverta hupoteza umeme kidogo tu njiani, kwa hiyo grupu nzuri ya kVA 5 inaitosha. Posti ya transfoma, ile nzito tunayoipenda kwa sababu haifi, hupoteza umeme zaidi kwa joto na huvuta mkondo mwingi usiogeuka kazi, na kwa mshono uleule inaweza kudai kVA 6 au zaidi. Mwenye transfoma hulazimika kununua grupu kubwa, na grupu kubwa hunywa hata kazi ikiwa ndogo.

Tena hunywa hata kazi ikisimama. Grupu ya kVA 5 ikiwa kazini huchukua takriban lita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Fundi akiiacha ikinguruma huku anapima mlango, anatafuta kona ya mraba au anapatana bei na mteja, faida yake inatoka kwa bomba la moshi. Mdogo wangu sasa hupima na kukata kwa msumeno wa mkono, hukusanya kazi za siku mbili, kisha huwasha mara moja na kuchomelea mfululizo. Badiliko hilo limemfaa kuliko kitu chochote nilichowahi kumtumia.

Esansi na bageti huja kwa malori, ama kutoka Kisangani ama upande wa Butembo. Mvua ikiharibu njia, au usalama ukivurugika kule Mambasa na Komanda, bei hupanda kabla ya jioni. Mteja analipa kwa faranga, bidhaa zinapangwa kwa dola. Ndiyo maana avansi igeuzwe bageti na vyuma siku ileile inapopokelewa.

Kuna gharama moja ambayo mafundi wetu wengi hawaihesabu, nayo ni uzee wa mashine. Tuseme grupu imenunuliwa dola 600 na itafanya kazi saa 2,000: kila saa imekula senti 30. Posti ya dola 300 ikidumu siku 750 za kazi, kila siku imekula senti 40. Senti hizo ziingie katika bei ya dirisha na zikae katika kopo lake, mbali na pesa ya chakula. Bila kopo hilo, mashine ikifa fundi anarudi kutupigia simu sisi.

Naamini pia kwamba tanuri la makaa lisizimwe. Sururu za wachimba dhahabu, majembe na panga havihitaji tone la esansi, na siku ambayo lori halikufika ndivyo vitakavyoilisha nyumba.

Basi, kabla hujalipia mashine yoyote hapa ulipo, mwombe fundi wako akutumie picha ya kibao cha grupu yake. Soma kVA ngapi, volti ngapi, fazi ngapi. Ukiona fazi moja, mnunulie posti ndogo ya inverta ya volti 220, na pesa inayobaki mtumie ya mafuta.