Vitabu vya Ubatizo Vyahitaji Jicho la Mpelelezi

Katika sehemu kubwa ya nchi ya Uholanzi, serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo vya raia wote mwaka 1811, nchi hiyo ilipotawaliwa na Napoleon wa Ufaransa. Basi mtu atafutaye babu yake Mholanzi wa kabla ya hapo hana budi kuviendea vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na maziko. Kwa kawaida kitabu cha ubatizo hutaja siku, mtoto, wazazi wake na mashahidi.

Ndugu askari, twawaletea habari hii kwa kuwa kazi hiyo ni upelelezi mtupu, na mtego wake mwaujua: jina peke yake si ushahidi. Waholanzi wengi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo, bali waliitwa kwa jina la baba. Jan Jansz maana yake ni Jan mwana wa Jan, na watu wa jina hilo walikuwa wengi mno.

Natutazame mfano wa mchoraji mashuhuri Rembrandt, mwana wa Harmen, aliyezaliwa Leiden mwaka 1606. Vitabu vya Amsterdam vyaonyesha kwamba Julai 1638 alibatizwa binti yake, Cornelia. Julai 1640 akabatizwa Cornelia mwingine; na Oktoba 1654, Cornelia wa tatu. Je, karani alikosea? La. Ilikuwa desturi kumpa mtoto jina la bibi yake, na mtoto akifa, jina hilo hupewa amfuataye. Cornelia wa kwanza na wa pili, watoto wa Saskia, walizikwa kabla ya mwezi kutimia tangu kubatizwa. Wa tatu, aliyezaliwa na Hendrickje Stoffels, ndiye aliyekua, akaolewa mwaka 1670, akahamia Batavia, yaani Jakarta ya leo, akazaa wana wawili.

Mtafutaji anayekimbilia jina la kwanza aonalo atajifanya mjukuu wa mtoto mchanga, na kumkana bibi aliyemzaa. Kwa hiyo, baada ya kitabu cha ubatizo afungue cha maziko; apime umri; alinganishe majina ya mama na ya mashahidi, kwani mara nyingi hao walikuwa jamaa.

Marehemu hawezi kusimama kizimbani akanushe. Haki yake i mikononi mwa mpelelezi.